Udi wa Fyulisi

Mkitaka kusikia wema wa Somo, waulizeni wengine. Bagamoyo bado imejaa wanawake waliopelekwa kwa waume zao wakiwa wamefukizwa kwa mkono wake, na kila mmoja atakwambia, "Ah, yule! Mungu amrehemu, hatupati tena mtu kama yule." Mimi huitikia amina, kisha naenda zangu uani, maana nikikaa nitasema, na nikisema nitaambiwa sina shukrani. Haya, leo nimekaa.

Kwao na wazee wake sitawasimulia, hayo si yangu. Jina lake pia silitaji. Mji mzima ulimwita Somo kwa sababu alikuwa somo wa kila binti: ndiye aliyewafunda wari, akawasinga kwa liwa, akawafukiza udi, akawafikisha mpaka mlangoni kwa mume. Wake wa masharifu walimwita Somo, wauza mihogo walimwita Somo, hata Mhindi wa duka la vitambaa alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mgongo wake hakuuinamisha kwa kitu. Akipita mlango mfupi alikunja magoti.

Nilitiwa mikononi mwake nikiwa sijavunja ungo, miaka michache baada ya vita vya Mjerumani. Mama yangu alikwisha kufa kwa homa ile iliyozoa watu baada ya vita, na mjomba wangu hakuwa na mke wa kunilea. Siku aliyonipeleka, Somo alimkatalia waziwazi. "Mimi nina kazi," alisema. "Sina nafasi ya mtoto wa mtu." Mimi nimesimama ukumbini, nimejiziba pua. Nikasema, mtoto sina adabu, "Mjomba, humu kuna panya aliyekufa." Mjomba alikuwa mtu wa ugoro, hakusikia chochote, akanyanyua mkono anizabe kofi. Somo akamzuia.

"Wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha, nyuma ya kasha. Wakasogeza kasha, panya yupo, amekwisha vimba. Somo akaniangalia kwa muda mrefu kisha akamwambia mjomba, "Mwache." Mjomba kwa furaha ya kutua mzigo akasema, "Huyu ni wako. Neno lako juu yake ndilo neno langu." Ndivyo nilivyopatikana.

Niliingia mtoto, nikatoka nina mvi. Katikati hapo walikuja watu watatu kuniposa, wote watatu wakaondoka, na aliyewaondoa ni yeye. Hilo ndilo linalonikaa kooni mpaka leo.

Nianze na kazi yake, maana kazi ile siwezi kuitia doa. Udi wa kuvunda wanautengeneza wanawake wengi wa pwani: sukari motoni, marashi ya mawaridi, vijiti vya udi vilivyotwangwa, sandali, miski kidogo, ambari kwa mwenye nayo. Unamwagwa kwenye sinia, unakatwa vipande, unafungiwa mtungini siku arobaini. Udi wa Somo ulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa nacho, nacho ni fyulisi.

Fyulisi si tunda la huku kwetu. Ni la milimani kwenye baridi, wengine huliita pichi: la mviringo, ganda lina manyoya laini, ndani kuna kokwa ngumu yenye mikunjo. Wazungu walilipanda bustanini mwao huko Uluguru, ndege na watoto wakatupa kokwa ovyo, miti ikaota yenyewe porini. Tunda la bustanini ni la kula. La porini ni dogo, chachu, halina nyama, lakini likikaushwa linatoa harufu ambayo lile la bustanini halina. Na ukiipasua kokwa ukaisaga mbegu yake, inanukia kama lozi za halua, ila ina uchungu ndani yake.

Aliyetuletea ni seremala mmoja Mluguru, Mkristo, aliyefanya kazi misheni. Tulimwita Fundi. Kila mwaka alikwenda kwao, na kila mwaka alirudi na kifurushi cha fyulisi kavu pamoja na kokwa zake. Mke wake alipenda ng'onda, samaki wa kukaushwa, basi Somo alimpa ng'onda, biashara yao ikaishia hapo. Alikuwa akibisha hodi, anaingia uani kofia mkononi, anasema, "Shikamoo Somo, mlima umekusalimu." Naye Somo hujibu, "Marahaba. Ukauambie mlima kwamba mwaka huu umekonda." Hakuwahi hata siku moja kukubali kwamba kifurushi kimetosha.

Udi ule ukiutia chetezoni, kwanza inatoka sukari, kila mwenye pua anaisikia. Halafu unatoka udi wenyewe, mzito, unajaza chumba. Fyulisi bado. Fyulisi inakuja moshi ukishakwisha, watu wameondoka, unapofunua kanga yako kesho yake asubuhi: utamu wa tunda, na nyuma yake uchungu kidogo unaokufanya uinuse kanga mara ya pili. Bibi harusi alikaa na harufu hiyo siku saba. Wapo wanaume wazima mji huu wakikumbuka harusi zao wanatikisa kichwa, wala hawajui walichokuwa wakikinusa.

Shughuli yote ilikuwa kwenye wakati wa kuitia. Sukari inatakiwa iwe imeacha kuwa nyeupe na haijawa nyeusi, na hapo jicho halikusaidii kwa sababu povu limefunika. Ni pua. Ukiwahi, fyulisi inabaki mbichi na udi unaota ukungu mtungini. Ukichelewa, mbegu inaungua na moshi wake unauma macho na kichwa. Mimi ndiye niliyeinama juu ya sufuria. Somo alikaa kwenye kigoda, bakuli la fyulisi mapajani, akaniuliza swali lake, "Unanukiaje?"

Mara ya kwanza nilimjibu, "Unanukia vizuri." Alinichapa na mwiko.

"Vizuri si harufu. Nimekuuliza unanukiaje."

"Kama maziwa yaliyofurika jikoni."

"Bado. Sasa?"

"Kama mkate wa kumimina, pale ukingoni."

"Sasa?"

"Kama mua uliochomwa."

Hapo hapo alimimina bakuli, akakoroga mara saba, akaepua. Hivyo ndivyo tulivyopika udi mwaka baada ya mwaka. Nilidhani nafundishwa. Nilijiona mwanafunzi mwenye bahati kuliko wasichana wote wa Bagamoyo, nikawa naringa na alama ya mwiko mkononi. Mjinga mimi.

Nguo zake na ngozi yake havikunukia kitu, sabuni tu. Wanawake walishangaa, mtu anashinda kwenye manukato na mwenyewe hapaki hata tone. Wakasema ameipa dunia kisogo. Chakula chake kilikuwa adhabu. Alikula wali kwa pilipili za kutafuna na limau la kukamulia mpaka machozi yanamtoka, akaomba pilipili nyingine. Nilipompikia mchuzi wa nazi nikauhangaikia asubuhi nzima, aliula kimya kama anayekula uji wa hospitali. Mchuzi wa jana uliochacha pia aliula vile vile, mpaka nimnyang'anye sahani.

Alisali sala zake tano, na alisema uongo bila kumeza mate. Siku moja mke wa tajiri mmoja alileta chupa ya miski aliyouziwa, anataka Somo aithibitishe. Somo akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akanipa mimi. "Hebu mwali anuse, ajifunze." Nikanusa. Nikamkunjia uso kidogo tu. Akamgeukia mgeni kwa sauti ya kadhi: "Mama, hii si miski. Hii ukiisogeza karibu na taa utaunguza nyumba." Yule mama alitoka pale akiisifia pua ya Somo njia nzima.

Na alikuwa mwosha maiti wa kike. Hapa nisimdhulumu. Kuna mwanamke alichukuliwa na maji huko Mlingotini akaonekana siku ya nne. Waoshaji wengine walifika mlangoni wakarudi wanatapika. Somo aliingia peke yake na ndoo na sabuni, akakaa humo mpaka jua likahama upande. Nilichungulia nimejifunga kanga puani. Alikuwa anamchana nywele. Anamwambia, "Geuka kidogo mwanangu, tunakaribia kumaliza," kama anasema na mtoto mwenye homa. Watu wakasema, jamani, Somo ana moyo! Moyo alikuwa nao, kweli. Lakini si moyo peke yake uliomwingiza mle.

Miaka ya vita vya pili sukari ilipopotea madukani, akiba yetu yote alimpelekea jirani aliyejifungua pacha, apate kukoroga uji. Mabibi harusi wa mwezi ule waliolewa na ubani wa dukani na hakujali. Mtu huyo huyo aliniacha sikukuu nne nikivaa kanga moja, na nilipolalamika akaniuliza, "Wewe unakwenda kuonekana na nani?" Ndivyo alivyokuwa, mkono huu unatoa, mkono huu umefumba.

Sasa desturi ya nyumba ile, maana bila hiyo hamtanielewa. Nyumbani kwa Somo posa haikujibiwa kwa mdomo. Wanawake wa upande wa mwanamume walikuja kama watu waliokuja kutembea tu. Walikula, wakasema habari za mvua na za bei ya nazi, na lile lililowaleta halikutajwa. Wakisimama kuaga, Somo aliwapitishia chetezo chini ya kanga zao. Akiwafukizia udi wa fyulisi, maana yake tumekubali, leteni mahari. Akiwafukizia ubani, maana yake ahsanteni kwa kututembelea. Wakatoka bila aibu, kwa sababu hakuna aliyeomba na hakuna aliyenyimwa. Kila mwanamke mjini alizijua harufu mbili hizo.

Mwali mwenyewe yuko chumba cha ndani, haonekani. Lakini moshi unapenya kila mahali. Jibu langu mimi nililijua kabla wageni hawajavaa makubadhi.

Wa kwanza kuniposa alikuwa mkulima wa Makurunge, mfiwa na mke, mwenye watoto wakubwa kuliko mimi. Ukaja ubani, nikashukuru Mungu. Wa pili alikuwa karani wa bomani. Ubani tena. Nilipouliza, Somo alisema, "Huyo ana mkono mwepesi, atakupiga." Baadaye alimwoa binti mwingine wakazeeka pamoja, na sikusikia kwamba aliwahi kumnyanyulia hata sauti.

Wa tatu alikuwa mshonaji wa kanzu, mtu wa Saadani, aliyeweka cherehani yake kibarazani karibu na soko. Nilikuwa nampelekea vitambaa vya wari. Alikuwa mtu wa maneno machache, kidole kimoja kimetobolewa na sindano zamani, kucha imepinda. Siku moja akaniuliza bila kuinua macho kwenye kazi, "Hiyo kanga yako ina nini? Ukiondoka hapa cherehani yangu inanukia wiki nzima." Nilikuwa nimekatazwa nisimtajie mtu. Nikamtajia. "Fyulisi," nikasema, na akalirudia neno taratibu kama anayepima kitambaa. Nilirudi nyumbani nikaunguza wali.

Alipotuma kwao, shangazi yake akaja kutoka Saadani na wanawake wengine wawili. Nilikuwa nimekwisha pita umri wa kuitwa msichana, na nilijua utakuwa ubani. Sababu sikuijua, ila nilijua. Basi siku moja kabla nilifanya kitu ambacho mwali hafanyi. Nilikata udi wa fyulisi vipande vidogo vidogo, nikavigaragaza kwenye unga wa ubani mpaka vikawa vyeupe vyote, nikavitia kwenye kikopo cha ubani. Hesabu yangu ilikuwa hii: Somo akitia kijiko cha kwanza kwenye makaa atasikia harufu na atanijua, lakini moshi ukishawafikia wageni haurudi tena mtungini. Ataona aibu kuwageuka. Baadaye anichape atakavyo.

Nimekaa chumbani nimeng'ang'ania mguu wa kitanda. Nikasikia wageni wanasimama. Nikasikia kijiko. Sukari ikatoka, halafu udi, ukajaa nyumba nzima mpaka darini. Nangojea Somo apige kelele. Wapi! Nasikia sauti yake imetulia, ile sauti ya kuwasindikiza watu wa ubani: "Karibuni tena, mkija mjini msitupite." Na kila akisema hivyo moshi wa ndiyo unazidi.

Shangazi mtu akapiga vigelegele. Wale wawili wakampokea.

"Vigelegele vya nini?" Somo akauliza.

Wakacheka, wakadhani anawatania. "Somo naye! Alhamdulillahi, Ijumaa tunarudi!" Wakaondoka wakipiga vigelegele mpaka mwisho wa mtaa.

Somo akaingia chumbani chetezo mkononi, bado kinafuka. Akakisogeza usoni pangu. "Nimetia nini humu?"

Nikamtazama. "Huusikii?"

Akakisogeza karibu zaidi.

"Somo, huusikii?"

Akakaa kitandani, kile chetezo mapajani, hakujali kwamba kina moto. "Homa ile iliyomchukua mama yako iliondoka na pua yangu," alisema. "Tangu siku hiyo sijasikia hata moshi."

Basi nikaona yote. Panya wa siku ile, pilipili, yule maiti wa Mlingotini, chupa ya miski. Na "unanukiaje" ya miaka yote. Hakuwa ananifundisha, alikuwa anauliza. Nilipaswa kukasirika papo hapo, lakini nilimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilimshika miguu. Nikamwambia, "Sitamwambia mtu mpaka nife. Niache niolewe. Kila ukitaka kupika udi nitakuja kutoka Saadani, hata nikiwa na mimba nitakuja." Akanishika kichwa. "Nimesikia," akasema. Nami nikalala usingizi wa mtu aliyekubaliwa.

Ijumaa wakaja, wanawake na wazee wawili na mahari yao kwenye bahasha ya kitambaa. Nimekwisha oga. Somo hakuwaingiza ndani. Aliwapokea barazani, majirani wote wanasikia, akawaambia, "Samahani, jamaa zangu. Siku ile chetezo kilichezewa. Mimi niliwajibu ubani. Mwali alibadilisha kwa mkono wake, akajijibia mwenyewe."

Shangazi mtu hakuwa mjinga. Akauliza, "Na wewe, Somo, hukusikia harufu?"

"Niliisikia," Somo akasema. "Nilinyamaza nisimwaibishe mbele yenu. Lakini nimekaa na dhamiri yangu nikaona haifai kuwaficha."

Bila kumeza mate! Neno moja tu lingeniokoa, aseme pua yangu imekufa, mtoto alinichezea kwa sababu sisikii. Wangecheka, wangemwonea huruma, na wangenichukua. Badala ya kulisema akanivua nguo mbele ya watu. Mwali anayejijibia posa! Hata ningetoka nikapiga kelele kwamba mwanamke huyu hasikii harufu, nani angeamini? Mdomo wangu mimi, dhidi ya pua iliyosifiwa pwani yote? Na kubadilisha nilibadilisha kweli. Wazee wakasimama, wakakung'uta kanzu zao, wakaenda. Mshonaji alifungasha cherehani yake mwezi ule ule, akarudi kwao Saadani. Alioa huko. Nilisikia ana watoto watano, na yule wa kwanza ni wa kike.

Nilimwuliza mara moja tu. Tulikuwa tunatwanga sandali, mimi na yeye kinu kimoja. Nikamwuliza, "Kwa nini?" Akajibu bila kuacha kutwanga, "Ningekuoza, nani angeninusia?" Alilisema kama mtu anayekwambia maji yako mtungini.

Watu wakinijua vizuri huniuliza mbona nilibaki. Niende wapi? Mjomba alituma neno kwamba nisikanyage kwake. Mposaji hakuja tena hata mmoja. Na, Mungu anisamehe, kazi ile niliipenda. Nilibaki miaka mingi nikiinama juu ya sufuria nikimwambia maziwa, mkate, mua, na sikumdanganya hata siku moja, ingawa ningeweza kumwunguzia mitungi yote na jina lake. Naye aliendelea kuniita mwali wake, kichwa changu kina mvi. Kitu kimoja tu kilibadilika: tangu siku ile hakutia kitu chetezoni bila kukifikicha kwanza kwa vidole. Udi wa sukari unanata. Ubani unavunjika unga.

Fundi alipozeeka akarudi mlimani kwao moja kwa moja, fyulisi zikakoma. Tulipika sufuria ya mwisho kwa vumbi lililobaki kwenye kifurushi. Bila fyulisi udi wa Somo ulikuwa kama udi wa mtu yeyote, watu wakapungua, na mimi nikapata kisingizio. Nilipanga chumba mtaa wa Dunda, nikawa napika udi wangu wa kawaida. Yeye ndugu zake walikuja kumchukua wakampeleka Mlingotini. Hatukuagana vizuri wala vibaya.

Siku nyingi zikapita, kisha akaja binti mmoja, mjukuu wa ndugu yake. "Shikamoo bibi. Somo anakuita. Anasema uje na chako." Nikajua anachotaka. Nilikuwa nimebakiwa na kipande kimoja cha udi wa fyulisi, kimefungwa kwenye kitambaa. Nikakitia kwenye pindo la kanga. Kwenye karatasi nikafunga na ubani kidogo. Tulikwenda kwa miguu, binti mbele mimi nyuma, na njia nzima nilikuwa sijaamua.

Walimweka chumba cha uani. Nilipofungua mlango nilirudi hatua moja. Shuka halikuwa limebadilishwa siku nyingi, na chini ya kitanda kulikuwa na bakuli la mchuzi limesahauliwa. Mtu aliyeosha maiti wa watu! Nikafungua dirisha.

"Shikamoo Somo."

"Marahaba, mwali wangu." Mgongo bado haukuinama, alilala amenyooka kama fimbo. "Chumba kinanukiaje?"

Sikumficha. "Kinanuka, Somo."

"Nilijua. Wanaingia upesi, wanatoka upesi. Hakuna anayeniambia."

Nilimbadilisha shuka. Nilimwosha mikono na uso. Binti alitoa bakuli. Nilipomaliza akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikavu.

"Nilikudhulumu," alisema.

Nikafungua mdomo, akatikisa kichwa. "Usinijibu kwa mdomo. Nijibu kwa chetezo."

Binti akaleta makaa. Nilikaa na kijiko mkononi, hata sijui kwa muda gani. Nilimwona mshonaji na kucha yake iliyopinda. Niliwasikia wale wazee wanakung'uta kanzu. Nikafungua karatasi, nikamimina ubani kwenye kisahani kando yake kitandani, nikachota, nikatia. Moshi mweupe ukapanda, ile harufu ya nyumba ya msiba. Binti mlangoni akanitazama, maana na yeye alikuwa mtoto wa pwani, alijua.

"Unanukiaje?" Somo akauliza.

"Sukari kwanza," nikasema. "Kama mua uliochomwa."

"Sasa?"

"Sasa unakuja udi wenyewe. Mzito. Fyulisi bado."

"Ngoja basi," akasema, na akafumba macho. Tukangoja wote wawili, kama zamani. "Sasa?"

"Inakuja. Tunda." Nikapuliza makaa. "Na nyuma yake uchungu kidogo."

Mkono wake ukatembea juu ya shuka, ukakifikia kisahani. Akachukua punje moja iliyobaki, akaifikicha kwa kidole gumba na cha shahada. Ikavunjika. Unga ukamwagika juu ya shuka jipya. Akafikicha tena, polepole, mpaka hapakubaki kitu vidoleni, nami nimekaa nangoja anipigie kelele kama nilivyongoja siku ile nimeshika mguu wa kitanda.

"Unanukia vizuri," alisema.

Nilikaa mpaka akasinzia, nikamwambia binti awe anamfungulia dirisha kila asubuhi. Nikarudi Bagamoyo kwa miguu. Alikufa baada ya siku tano, na habari zilinifikia amekwisha oshwa na kuzikwa na watu wengine.

Siku ile niliyotoka kwake, nilipofika chumbani kwangu ndipo nilipofungua pindo la kanga. Kipande cha fyulisi kilikuwa humo, kimeyeyuka kwa joto la mwili wangu, kimegandana na kitambaa.